Treni ya JKIA haitamfikisha mwanao Juja

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Muyeye, hapa Malindi. Anaandika: "Mwanangu anasoma Juja. Likizo ikiisha namkatia tiketi ya ndege, saa moja hivi keshatua Nairobi, halafu kutoka JKIA mpaka Juja inamla muda kuliko wa angani, na mabegi yake, na giza likiingia mimi huku roho juu juu. Mbona wasijenge treni moja kwa moja kutoka uwanjani mpaka katikati ya mji kama zile za Ulaya? Na huku kwetu kila siku twaambiwa uwanja utapanuliwa, sisi tusio na gari tutafaidi nini?"

Salaam mama. Nianze na hilo la treni maana ndilo karibu kila mtu huniuliza akishajua kazi yangu ni kupanga usafiri. Jibu fupi, hata wakiijenga kesho asubuhi mwanao haitamfaa sana, kwa sababu mwanao haendi mjini, anaenda Juja.

Itazame ramani. JKIA, yaani uwanja wa Jomo Kenyatta, iko Embakasi, kusini mashariki mwa Nairobi, kama kilomita 15 hivi kutoka katikati. Juja iko upande wa kaskazini mashariki, kilomita kama 35 kutoka mjini kwa barabara ya Thika. Ukichora mstari kutoka uwanjani hadi Juja mstari huo haugusi Tom Mboya wala Ngara, unapita huko nyuma Utawala, unatokea Ruiru, na Ruiru na Juja ni majirani. Na barabara ipo, Eastern Bypass, inaanzia pale Cabanas kwenye Mombasa Road inaenda kuingia Thika Road. Lakini kijana akiuliza matatu pale uwanjani ataambiwa apande 34, na 34 inaelekea mjini, kwa hivyo anasafirishwa mpaka katikati ya msongamano ili akabadilishe gari, atembee na begi katikati ya watu hadi steji za Thika Road, ndipo sasa aanze safari ya Juja. Nusu ya muda wake umeliwa na mji ambao hakuwa na haja nao.

Hili si kosa la matatu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia huko Marekani walitoa ramani ya njia za matatu, zaidi ya 130, wakaichora kwa mistari ya rangi kama ile ya treni za London. Ukiiangalia unaona kila rangi inakimbilia katikati, chache sana zinazozunguka pembeni. Mji wenyewe huku nyuma ulishahama, watu wamejenga Kitengela, Rongai, Ruaka, Ruiru, Syokimau, Juja, lakini njia za gari bado zinafikiri kila mtu anaenda kwa ofisi za Kenyatta Avenue.

Sasa hizo treni za Ulaya unazoziona. London pale Heathrow kuna tatu, na ni darasa zuri kwa sababu ni uwanja mmoja. Kuna Heathrow Express, ilianza 1998, ni robo saa tu mpaka Paddington, safi, ya bei, na inaishia hapo hapo Paddington. Kuna Piccadilly line, treni ya kawaida ya chini ya ardhi, ilifika uwanjani 1977, inasimamasimama kila mahali huko magharibi ya mji na nauli yake ni ya mtu wa kawaida. Halafu kuna Elizabeth line ya 2022, ambayo haikuishia katikati, imepenya mji mzima ikatokea mashariki ng'ambo ya pili. Ukiniuliza ni ipi ningeinunulia Nairobi sitaki ile ya kwanza hata kwa bure. Ile ya kwanza ni ya mtu mwenye mkutano mjini na kampuni inamlipia. Zile mbili zingine uwanja wa ndege ni kituo tu kama vituo vingine, wanapanda wasafiri, wanapanda wanafunzi, wanapanda wapishi na wasafishaji, na kwa sababu wapandaji ni wengi treni zinakuja mara kwa mara, na zikija mara kwa mara watu wanazidi kuzipanda.

Afrika Kusini wao walijenga Gautrain, ikafungua Juni 2010 siku chache kabla ya Kombe la Dunia, kutoka uwanja wa OR Tambo hadi Sandton. Kazi nzuri, sikatai, lakini nauli ya kushukia pale uwanjani waliiweka juu ya ile ya stesheni zingine, na Sandton ni mtaa wa wenye nazo.

Na kuna Los Angeles, ambayo kwa kutawanyika ndiyo inafanana na Nairobi kuliko London. Wale walijenga reli ya Green Line ikafungua 1995, ikapita karibu na uwanja wa LAX lakini haikuingia. Abiria akashuka kwenye stesheni ya jirani akangoja basi la kumpeleka terminali. Ikawa hivyo miaka 30. Stesheni inayounganisha uwanja na reli za mji ilifunguliwa Juni 2025, na hata siku hiyo ile treni ndogo ya kujiendesha ya kutoka stesheni kuingia terminali ilikuwa bado inajengwa. Mji tajiri huo, mama. Lakini wakati wanahangaika na reli kuna kitu kidogo walikifanya mapema sana ambacho sisi tunaweza kukiiga mwaka huu huu: mabasi yanaitwa FlyAway, tangu 1975, yanatoka maeneo ya mbali kama Van Nuys moja kwa moja mpaka LAX. Yaani mtu wa pembeni anafika uwanjani bila kuonyeshwa katikati ya mji. Hakuna reli, hakuna daraja jipya. Ni basi na sehemu ya kulisubiri.

Ningeweka basi kama hilo kesho kutoka JKIA, Utawala, Kamakis, Ruiru, Juja, Thika. Lingine Mlolongo na Kitengela. Usiku na mchana.

Nasema usiku kwa sababu kuna watu hawatajwi kwenye hizi hadithi. Wewe mama mwanao anapita JKIA mara chache kwa mwaka, hata mfanyabiashara msafiri ni hivyo hivyo. Lakini mlinzi wa geti, dada wa kufagia choo, kijana wa kupakia mizigo, mpishi wa chakula cha ndege, hao wanakwenda uwanjani siku sita kwa wiki na kurudi. Wanaishi Pipeline, Kayole, Mlolongo, Embakasi. Shifti ya alfajiri inaanza ndege za kwanza hazijaruka, kwa hiyo mtu anatoka kwake saa tisa usiku, na saa tisa usiku matatu ni za kubahatisha, ni pikipiki, au ni kutembea. Ukitaka kujua kama usafiri wa uwanja fulani umepangwa na watu wenye akili usiulize watalii, uliza huyo wa kufagia amefikaje leo. Na hesabu ni rahisi tu, abiria wa kila siku ndiye anayelipia mafuta ya basi, msafiri wa ndege anakuja juu yake kama nyongeza. Mradi unaolenga wasafiri peke yao ama utakuwa wa bei ghali ama utakufa.

Barabara ya juu ya kulipia, Expressway, nayo wengi walidhani ndiyo dawa. Kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022, na kweli mwenye gari au anayelipa teksi na ile ada ya barabara anaruka msongamano wa Mombasa Road kwa raha zake. Aliye ndani ya matatu yuko chini anaitazama nguzo. Reli ya SGR vilevile, ilianza 2017, stesheni yake kubwa ya Nairobi iko Syokimau, kilomita chache tu kutoka JKIA, vitu viwili vikubwa kabisa vya usafiri nchini vimekaa majirani, na mtu mwenye begi akitoka kimoja kwenda kingine anatafuta teksi. Na ule mjadala mkali wa 2024 wa kuikabidhi JKIA kwa kampuni ya Adani ya India, mpaka Rais Ruto akaufuta Novemba ile, watu walibishana terminali, njia ya pili ya kurukia, miaka ya mkataba. Mimi nilikuwa nasikiliza nione kama kuna mtu atauliza steji ya matatu itakuwa wapi.

Sasa mbona matatu zenyewe zisianzishe hiyo njia ya Juja? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Dereva anatoka asubuhi akijua jioni mwenye gari anataka hesabu yake. Imetimia haijatimia, ni lazima ipatikane. Kwa hiyo gari halitoki steji mpaka lijae, na halifuati njia ambayo halina uhakika litajaa. Abiria wa ndege wanakuja kwa mafungu, ndege imetua wako mia, nusu saa baadaye hakuna mtu, na kila mmoja ana begi linalokula kiti cha mwenzake. Kwa dereva mwenye hesabu hiyo ni njia ya hasara, na mimi ningekuwa yeye singeipita. Halafu upande wa pili, msafiri wa ndege hawezi kupanda gari linalongoja kujaa, maana ndege haimngoji.

Kuiondoa hali hiyo kwa kuwapigia kelele makondakta haiwezekani. London yale mabasi mekundu ni ya kampuni za watu binafsi, watu hawajui hilo, lakini halmashauri ya usafiri ya jiji ndiyo inapanga njia, saa na nauli, na kampuni inalipwa kwa kuendesha. Basi likienda na watu wanane saa tisa usiku kampuni inalipwa, likienda na themanini saa mbili asubuhi inalipwa. Dereva hana haja ya kukimbizana na mwenzake. Sisi tunazo sacco, vyama vya wenye matatu, tayari, yaani wa kuandikishana naye mkataba yupo, kinachokosekana ni upande wa kulipa na kusimamia. Mamlaka ya usafiri ya Nairobi na viunga vyake, NAMATA, iliundwa 2017 ishughulikie kaunti tano pamoja, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, na wazo ni sahihi kabisa maana safari ya mwanao ya uwanjani mpaka Juja inaanzia kaunti moja inaishia nyingine, na gavana mmoja peke yake hawezi. Lakini barabara ya Thika ilipakwa mistari myekundu ya mabasi ya mwendokasi 2018, na wewe na mimi tunajua ile rangi ilitangulia mabasi kwa miaka. Dar es Salaam wenzetu walianza na mabasi yenyewe Mei 2016, Kimara hadi Kivukoni, wakaenda wakiongeza awamu, na ile ya Gongo la Mboto wameipanga ipite barabara ya Nyerere, mbele kabisa ya uwanja wao wa ndege. Si mradi wa uwanja, ni njia ya watu wa Gongo la Mboto, uwanja uko njiani tu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kabla sijasahau, kwa sasa hivi mwambie kijana akitua mchana asiende mjini. Apande 34, ashukie Taj Mall (jengo lenyewe lilibomolewa 2018 lakini jina la steji limegoma kufa), pale achukue gari za Outering zinazopanda mpaka Thika Road, halafu Thika Road apate gari la Juja. Ni kubadilisha bado, lakini ule mzunguko wa mjini kaukwepa. Akitua usiku mlipie teksi, na ukiweza mkatie ndege ya asubuhi.

Tuje kwetu sasa, maana swali lako la pili ndilo nililolipenda zaidi.

Uwanja wa Malindi una bahati ambayo JKIA haina na watu hawaioni kama ni bahati. Uko kando ya barabara ya Mombasa, kilomita kama tatu tu kutoka mjini, na kila matatu inayotoka Watamu, Gede, Kilifi au Mombasa kuja Malindi inapita hapo hapo. Ile kazi ya kuufanya uwanja uwe kituo njiani, ambayo Los Angeles wameisumbukia miaka 30, kwetu imeshafanywa na jiografia. Mtu wa Watamu anaweza kufika uwanjani kwa nauli ya matatu bila kuingia Malindi mjini. Kinachotakiwa ni mahali rasmi pa gari kusimama pande zote mbili za barabara, kivuko cha miguu, kwa sababu gari za barabara ile zinakimbia, paa la kujikinga na jua, taa, njia ya saruji ya kuvutia begi kutoka barabarani mpaka mlangoni, na ubao ulioandikwa nauli ya tuktuk mpaka mjini, mpaka Mambrui, mpaka Watamu, ili mgeni na mwenyeji walipe sawa. Vyote hivyo ukivijumlisha ni pesa ya mboga ukilinganisha na lami ya ndege.

Na huo upanuzi, njia ya kurukia ya sasa haifiki kilomita moja na nusu, ndiyo maana ndege kubwa za watalii wa Italia hushuka Mombasa halafu wageni wanapandishwa mabasi kilomita 120 kuja kwetu. Ikirefushwa watatua hapa na hoteli zitafurahi. Lakini mabasi yao watakuja nayo. Wewe wa Muyeye faida yako ni kazi, yako au ya watoto wako, na kazi ya uwanjani ina shifti za usiku, kwa hiyo tunarudi pale pale kwa yule wa kufagia, atatokaje Kisumu Ndogo saa kumi alfajiri. Hilo liulizwe kabla ramani haijapigwa muhuri, maana baada ya hapo uwanja wa kuegesha gari utakuwa umeshakula nafasi ya steji. Viwanja vya ndege duniani kote vinapenda maegesho kwa sababu yanalipa, steji hailipi.

Ila mpaka huo upanuzi uje, uwanja mkubwa wa mtu wa Malindi ni Moi, Mombasa, na hapo nasema kweli hali ni mbaya kuliko ya mwanao. Moi iko upande wa Port Reitz, stesheni ya SGR iko Miritini, zote mbili ziko ng'ambo ya kisiwa ukitokea kwetu. Mtu wa Malindi anapita Kilifi, Mtwapa, Bamburi, anaingia daraja la Nyali pamoja na mji mzima, anashuka kisiwani, anabeba begi kutafuta gari la Changamwe au Magongo, halafu tuktuk. Ni ugonjwa ule ule wa kila kitu kupitia katikati. Kwa SGR kuna njia nyingine, ile ya kukata Mavueni kwenda Kaloleni na kutokea Mazeras, inaingia barabara ya Nairobi na Miritini iko karibu, kisiwa hukioni kabisa. Mabasi mawili matatu kwa siku kutoka Malindi na Kilifi kwa njia hiyo, yenye saa zilizopangwa kufuata saa za treni, yangebadilisha maisha ya watu wengi kuliko terminali mpya. Lakini hapo kuna kaunti ya Kilifi na kaunti ya Mombasa, na chombo cha kukaa pamoja kinachofanana na kile cha Nairobi hatuna. Tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, ingeweza kuanzia hapo, ratiba ya basi si jambo la kuhitaji sheria ya bunge.

Na ukitaka kuona ratiba iliyofuatishwa vizuri nenda Lamu, sikutanii. Uwanja wao uko kisiwa cha Manda, hakuna gari la kukupeleka mjini, ni maji. Ndege inashuka, hamali wanapakia mabegi kwa mikokoteni wanayasukuma mpaka gatini, na boti ziko pale zinangoja, kwa sababu nahodha amekuja kwa ajili ya ndege hiyo, ikichelewa naye anachelewa. Hakuna abiria anayetua akakuta usafiri umeondoka dakika kumi kabla. Tatizo lao ni la bei, mgeni asiyejua atatajiwa yake, lakini kule kukutana kwa chombo na chombo wameweza bila kompyuta. Wakati huo huo JKIA na SGR zinazopakana hazijuani.

Kwa hiyo mama, kikao cha maoni ya wananchi kikija huko Muyeye, iwe ni cha bajeti ya kaunti au cha huo upanuzi, usiombe "usafiri bora", hilo litaandikwa na kusahauliwa. Omba steji kwenye geti la uwanja, pande mbili, na kivuko. Na usipeleke ofisi moja tu, kwa sababu watazungushiana: ndani ya ua ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, barabara kuu ni mamlaka yake, KeNHA, steji na tuktuk ni kaunti ya Kilifi. Barua moja, nakala tatu, na kwenye kila nakala andika kwamba wenzao wawili wamepata yao.